Nioe ndo nipone? Jibu kwa kijana wa kinanda

Kuna barua nimekaa nayo wiki mbili, nimeifupisha kidogo na nimetoa chochote cha kumtambulisha mwenyewe:

"Shikamoo mama. Mi nina miaka 27, naishi Kisauni, kwetu ni Taita. Nimelelewa kanisani tangu niko mgongoni, mamangu ni kiongozi wa akina mama na mimi napiga kinanda. Tangu darasa la saba najua navutiwa na wanaume, msichana sijawahi vutiwa naye hata siku moja. Nimefunga siku 21, nimeombewa mara tatu, mara ya mwisho nikaambiwa nina jini mahaba na roho za baharini, hakuna kilichobadilika. Sasa nimechumbia msichana wa kwaya, mzuri, hana makosa, kamati ya harusi ishaundwa, ni Agosti. Pasta mmoja tu ndo anajua na amesema nikioa itaisha. Mtu anaweza kuwa hivi na awe Mkristo ama lazima achague? Na je nikioa ntapona? Niendelee kupiga kinanda? Saa zingine naona heri nisingezaliwa."

Marahaba mwanangu.

Hiyo sentensi yako ya mwisho umeitia pale chini kama mtu anayeacha viatu mlangoni, lakini mi naanza nayo. Nakuuliza waziwazi: ni uchovu tu wa kubeba mzigo peke yako, ama ushafikiria vile utafanya na lini? Kama ni hiyo ya pili, wacha kusoma hapa, mpigie mtu mmoja unayemwamini akuje mkae pamoja leo, na kama huna wa kupigia, piga 1199 ya Red Cross, ni bure, ama watafute Befrienders Kenya, kazi yao ni kusikiliza. Huhitaji kueleza kila kitu, sema tu "niko vibaya, sitaki kuwa peke yangu." Wengi waliokaa kwa kile kiti mbele yangu wamesema hilo neno lako, heri nisingezaliwa, na wengi wao leo wako hai na wanalalamika bei ya unga kama sisi wote.

Haya. Umeniuliza maswali mawili makubwa na umeyafunga kamba moja, ndo manake hupumui. Moja ni la Mungu, kama mtu anaweza kuwa hivi na awe wake. Hilo watu wamesoma Kiyunani na Kiebrania wakazeeka nalo, na we hulazimishwi kulimaliza mwaka huu. La pili ni la harusi, na hilo lina tarehe na kamati, tena pengine kadi zishachapishwa. Kwa hivyo naanza na la harusi, utanisamehe, najua we ulitaka tuanze na Biblia.

Ukioa utapona? La.

Sitalizungusha. Kwanza hakuna cha kupona, manake si ugonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliliondoa kwa orodha yao ya magonjwa mwaka 1973 na Shirika la Afya Duniani likafuata 1990, na kabla ya hapo watu walishajaribiwa kila kitu, kutiwa umeme, kupewa dawa za kutapisha, na hawakubadilika, waliumia tu. Utaniambia hao ni madaktari wa dunia. Sawa, wacha nikupe wa kanisa. Kulikuwa na huduma kubwa ya Kikristo huko Marekani, Exodus International, ilianza 1976, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo uliyofanyiwa wewe, maombi, ushauri, makundi ya kutubu, na ikaenea nchi nyingi. Mwaka 2013 kiongozi wao Alan Chambers, ambaye mwenyewe ni mwanamume aliyevutiwa na wanaume na ana mke, akasimama akaomba msamaha kwa watu waliowaumiza, wakafunga milango. Alishakiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika kule kuvutiwa kwao. Huyo si adui wa kanisa mwanangu, huyo ndo alikuwa fundi mwenyewe akikwambia hii mashine haifanyi kazi.

Alafu hii ya jini mahaba. Nilicheka kidogo, si kwa kukucheka wewe. Jini mahaba ni maneno ya waganga wetu wa Pwani tangu zamani, mtu haolewi ama haoi, ama ameoa na ndoa haikai, anaambiwa kuna jini kampenda usiku yuwamuonea wivu, lete kuku lete ubani. Sasa mapasta wengine wamelichukua lile lile kwa mganga wakalivisha suti, badala ya kuku ni sadaka ya mbegu. Na hizo roho za baharini, jamani, bahari yetu imesingiziwa mengi. Kama ni maji ya chumvi ndo yaleta haya mambo basi watu wa Kitui na Eldoret wangekuwa salama, na mi nimeongea na watoto wa Kitui na Eldoret.

Naenda kwa kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Miaka ya nyuma kabla sijasomea ushauri nasaha nilikuwa mke wa mchungaji, tukiketi pamoja na mume wangu kusikiliza maharusi. Akaja kijana mmoja, mpole, mwimbaji, akatuambia kama hivi ulivyoniambia. Sisi tukamwombea, na mi mwenyewe kwa mdomo wangu huu nikamwambia, oa mwanangu, ukipata mke mwema hizo fikra zitatoka zenyewe kama homa. Akaoa. Tukala pilau, tukacheza. Miaka 4 baadaye akaja mkewe, peke yake, na mtoto mgongoni, akakaa akanyamaza mpaka mtoto akalala, alafu akaniuliza, "Mama, mi nina kasoro gani?" Yaani miaka 4 alikuwa akijiangalia kwa kioo akitafuta kosa. Amebadilisha nywele, amepunguza mwili, ameongeza mwili, amejifukiza udi, ameenda kuombewa yeye tumbo lisilo na tatizo lolote. Mume hakuwa mbaya, hakumpiga, alileta pesa nyumbani, lakini usiku aligeukia ukuta. Na mi nilikuwa najua jibu siku zote hizo na siwezi kumwambia manake ilikuwa siri ya mtu mwingine. Nilimwambia hana kasoro. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Huyo mwanamke ndo aliyenirudisha shule.

Kwa hivyo mtu akikwambia oa itaisha, muulize, itaisha kwa nani? Kwako haitaisha na kwake ndo itaanza. Umesema huyo msichana hana makosa. Basi usimfanye dawa.

Sasa tuje kwa Biblia. Ntakupa vile mi mwenyewe nimeisoma, na ntakupa pande zote, manake kuna watu kwa intaneti watakwambia Biblia haijasema kitu na wengine watakwambia imesema kila kitu, na wote wawili wamelikimbia swali.

Maandiko yanayogusa moja kwa moja si mengi, yahesabika kwa vidole. Kuna Sodoma, Mwanzo 19, ambayo ndo inapigwa zaidi kwa mahubiri. Soma vizuri: mji mzima umezunguka nyumba wataka kuwavunja wageni kwa nguvu. Hilo ni genge la ubakaji. Ukisoma Waamuzi 19 utakuta hadithi karibu ile ile na aliyebakwa mpaka kufa ni mwanamke, na hakuna aliyewahi kuitumia kusema kuvutiwa na wanawake ni dhambi. Ezekieli 16:49 yeye anaitaja dhambi ya Sodoma kwa jina: kiburi, shibe, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Lakini pia usije ukasema nilikuficha, mstari wa 50 unaendelea kutaja machukizo, na Yuda mstari wa 7 anataja mambo ya mwili. Hata hivyo kati ya genge la Sodoma na wewe unayelia chumbani Kisauni mi sioni uhusiano wowote.

Alafu Walawi 18:22 na 20:13. Hapo maneno ni makali, usilale na mwanamume kama na mwanamke, ni machukizo, na adhabu ni kifo. Watu wengi hapa huruka kwa pweza. Utaskia, kwani sura ya 11 si imekataza kila cha majini kisicho na mapezi na magamba, na Mombasa nzima si yanywa supu ya pweza na kula kamba na ngisi, mbona hamsemi? Ni jibu tamu la kumfunga mtu mdomo lakini mi naliona jepesi. Kanisa tangu zamani limetofautisha sheria za vyakula na sheria za mwenendo, na ukimwendea mtu aliyesoma na pweza wako atakurudisha nyumbani. Hoja nzito ni nyingine: ile sheria ilikuwa yazungumza na nani, juu ya nini, kwa jamii gani, na je ilijua kitu kama watu wawili wanaopendana na kutunzana miaka? Wasomi wanabishana hapo kwa haki, na sisi tusijifanye wamemaliza.

Paulo sasa, hapa nataka ukae vizuri manake hapa Kiswahili chetu chenyewe kimeingia kwa kesi. 1 Wakorintho 6:9, ile Biblia ya Union iliyotoka 1952, ambayo we na mimi tumekua nayo, imesema "wafiraji" na "walawiti" hawataurithi ufalme. Sasa sikiliza hayo maneno na masikio ya mtu wa Pwani. Ukiskia kwa redio "amelawiti," wafikiria nini? Wafikiria mtoto, wafikiria polisi, wafikiria mwalimu wa dini aliyefungwa. Neno lenyewe limetoka kwa jina la Lutu kupitia Kiarabu, kwa hivyo hata kabla hujaelezwa lishakupeleka Sodoma. Kwa Kiyunani Paulo alitumia maneno mawili. Moja ni malakoi, manake laini, ndo neno hilo hilo liko kwa Mathayo 11:8 pale Yesu anasema mavazi mororo. La pili ni arsenokoitai, ambalo kabla ya Paulo hatulioni kwa mtu mwingine, limeunganishwa "wanaume" na "kitanda," na inaonekana amelitoa kwa Walawi ya Kiyunani. Kuna wasomi wanasema Paulo alikuwa awalenga watu wazima wa mji wa Korintho waliotumia vijana na watumwa kimwili, na wengine, tena si wajinga, wanasema hapana, alimaanisha tendo lenyewe kwa upana wake wote. Mi sikuambii chagua leo. Nakwambia tu, ulipokuwa na miaka 12 ukaskia "walawiti" kutoka madhabahuni ukajua ni wewe, ulikuwa umewekwa kwa benchi moja na wabakaji wa watoto, na hujamgusa mtu. Hiyo aibu uliyobeba miaka 15 sehemu yake kubwa ni ya tafsiri.

Na Warumi 1, ndio, Paulo yuwazungumzia wanaume na wanawake walioacha matumizi ya asili, akiiweka ndani ya habari ya watu walioabudu sanamu. Ni andiko gumu, sitalilainisha. Ila nikiulizwa huwa nasema endelea kusoma, manake sura ya 2 inaanza kwa kumgeukia yule aliyekuwa akisema amina kwa nguvu, yule anayehukumu, ikamwambia huna udhuru. Sijawahi kuskia mahubiri ya Warumi 1 yaliyofika Warumi 2. Labda muda huwa umeisha, sadaka inasubiri.

Kuna mtu mmoja ambaye sijui kwa nini hatuhubiriwi habari zake. Matendo 8, towashi wa Kushi, yaani mwanamume aliyehasiwa. Torati, Kumbukumbu 23:1, ilishamfungia nje mtu kama yeye, haingii kwa mkutano wa Bwana, mwili wake wenyewe ndo kosa. Na huyu amesafiri mpaka Yerusalemu kuabudu, yuwarudi na gari lake akisoma Isaya, kitabu ambacho sura ya 56 imewaahidi matowashi jina bora kuliko la wana na binti. Filipo akapanda, wakasoma, wakafika penye maji, yule akauliza ni nini kinachonizuia nisibatizwe. Swali hilo mwanangu ndo lako. Na Filipo hakumwambia kwanza ukarekebishwe. Walishuka wote wawili majini. Najua, towashi si sawasawa na wewe, usiende kunukuu kana kwamba nimesema hivo. Nimesema tu kwamba kuna mtu alikuja na mwili ambao andiko lilimkataa na Roho akatuma mtu amkimbilie.

Na tukumbuke tuko wapi. Hapa ni Mombasa. Mmishonari Krapf aliteremka hapa 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Ukivuka daraja la Nyali ukifika Kengeleni, ile kengele ni ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa, 1875. Watu waliotetea utumwa na waliopigana nao walishika Biblia ile ile, na wa kwanza walikuwa na mistari mingi kuliko wa pili, we nenda usome Waefeso 6 uone watumwa waambiwa nini. Leo hakuna pasta Mombasa nzima atakayesimama kutetea. Mimi silinganishi mambo haya mawili kama mizani, ila nikiambiwa kanisa halijawahi kubadilisha lilivyosoma jambo, napita pale Kengeleni naiangalia ile kengele.

Makanisa yenyewe yako wapi sasa? Nisikudanganye, karibu yote hapa kwetu yako upande mmoja. Waanglikana, kwa mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima uitwao Lambeth, walipiga kura 1998 kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, na ACK, Waanglikana wetu wa Kenya, wamesimama hapo hapo mpaka leo, lakini azimio hilo hilo lilisema pia watu hawa wasikilizwe na wahakikishiwe kwamba Mungu anawapenda, kipande ambacho kilipotelea baharini kabla hakijafika Mombasa. Wakatoliki, Katekisimu yao namba 2357 yakataa tendo, 2358 yataka mtu mwenyewe apokewe kwa heshima na huruma, 2359 yamwita kwa usafi wa moyo, manake kuishi bila tendo. Papa Francis Desemba 2023 akaruhusu mapadri kuwabariki watu walio kwa uhusiano kama huo, si ndoa, baraka tu, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema kwetu hapana. Kwa upande mwingine marehemu Desmond Tutu, askofu na Mwafrika, alisema 2013 kwamba mbingu inayowachukia watu hawa yeye hataki kwenda. Na Nairobi tangu 2013 kuna kanisa, Cosmopolitan Affirming Church, Wakenya wenyewe, wanaabudu Kipentekoste, makofi na machozi, na wamewapokea watu kama wewe bila kuwataka wajikane. Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza, mtu anaweza kuwa hivi na awe Mkristo, ni kwamba wapo. Wako wale wamechagua kuishi peke yao bila mwenzi kwa sababu ndivyo wanavyolisoma Neno, na wapo wanaoishi na wenzao wakiamini Mungu amewabariki. Nimekutana na wa aina zote mbili. Mambo yaliyowaharibu niliowaona mimi yalikuwa mengine: kukaa bila kuoa kwa kusukumwa, ama kuoa kwa kusukumwa, ama kuwa na mtu gizani na kumlaani Mungu mchana.

Mimi nasimama wapi? Umeniuliza kwa adabu bila kuuliza. Mi naamini hukukosewa ulipoumbwa. Zaidi ya hapo, utaishije, sitakuamulia, manake nishamwamulia mtu mara moja na umeskia kilichotokea.

Kidogo kuhusu usalama, na hapa sina maneno mengi. Sheria yetu ya jinai juu ya tendo la jinsia moja, kifungu cha 162 mpaka miaka 14 jela, cha 165 miaka 5, ni sheria tulizoachiwa na Waingereza na Mahakama Kuu ilikataa kuziondoa tarehe 24 Mei 2019. Zinashika tendo, hazishiki mtu kuwa vile alivyo, kwa hivyo kunieleza mimi ama mamako ama pasta si kosa la jinai. Na kama ikatokea umeshikwa ujue Mahakama ya Rufaa hapa hapa Mombasa Machi 2018 ilisema kumlazimisha mtu vipimo vya sehemu za siri ni kinyume cha katiba. Lakini hatari ya kila siku si polisi, ni watu. Kuna vijana kazi yao ni kukutega kwa simu, mwaongea vizuri wiki mbili, mwapanga kuonana, ukifika ni watu 4 na wataka pesa ama wamwambie mamako. Usitume picha yenye uso. Usiungame kwa wosapu. Na huyo pasta anayejua, mwombe kwa heshima maneno yako yabaki pale, na usimwongezee mengine mpaka uone kama anajua kunyamaza. Kama wataka kukaa na watu wanaoelewa, hapa mjini kuna shirika la PEMA Kenya, kwa miaka wamekuwa wakiwaketisha mapasta na maimamu kwa meza moja na watu kama nyinyi, tena wako waliobadilisha lugha yao baada ya kukaa pale.

Mamako. Hukuniuliza juu yake lakini barua yako imemtaja mara ya kwanza kabla hata ya Mungu, nimeona. Si lazima ajue sasa. Kumwambia mzazi si ungamo la kutafuta ondoleo, ni habari unampa mtu, na habari ina wakati wake. Uwe kwanza una mahali pa kulala pengine na kazi isiyotegemea watu wa kanisa lake. Akina mama wa chama nawajua, mimi ni mmoja wao, atalia, atafunga, ataniuliza mimi ama mwingine kama ni ile siku alipokunyonyesha vibaya ama ni babako kukaa mbali na nyumba. Ni hofu yake, na hofu ya mama hutoka ikipiga kelele. Mpe miaka, wewe mwenyewe umechukua 15.

Lakini harusi haina miaka. Kwa hivyo kazi yako mwezi huu ni moja, kuongea na yule binti. Si kwa kamati, si kwa pasta, si kwa mashangazi wa pande zote mbili, yeye kwanza na yeye peke yake. Na huna haja ya kumwambia kila kitu kama hujawa tayari, ama kama hujui siri itafika wapi, kwaya ni kwaya. Lakini lazima askie maneno mawili ya kweli: kwamba hakuna harusi, na kwamba kasoro si yeye. Sema kitu kama hivi, kwa maneno yako: "Nimekukosea kwa kukuacha ufike hapa. Siwezi kuwa mume wako vile unavyostahili mume awe, na si kwa sababu ya chochote ulichofanya ama usichokuwa nacho. Kosa ni langu, na watu ntawaambia ni mimi nimerudi nyuma." Alafu uwaambie kweli, ni wewe. Usimwachie maneno ya mtaa ayabebe, manake huku kwetu uchumba ukivunjika anayeulizwa maswali ni msichana. Pesa za michango zirudi, zote, hata kama utakopa. Zile za kwenu zilizopelekwa kwao usizidai.

Mwende mahali pa wazi, mchana, pale Mama Ngina kwa madafu ni sawa, watu wako lakini hakuna anayesikiliza. Atalia ama atakasirika, ama atanyamaza na hiyo ndo mbaya zaidi. Usimshike mkono kumbembeleza, manake utakuwa wajibembeleza wewe. Kaa mpaka yeye aamue kuondoka.

Na kinanda. Umeuliza kwa maneno matatu tu lakini nadhani ndo swali lililokuuma zaidi, kama mikono yako yachafua sadaka. Haichafui. Ila mtu akivunja uchumba na binti wa kwaya ile ile na Jumapili inayofuata yuko pale mbele ampigia noti, huo ni ukatili kwake. Kwa hivyo pumzika miezi mitatu minne, waambie kazi imekubana, mwachie yeye ile jukwaa. Tafuta kanisa kubwa la mjini ambako hakuna anayekujua, pale Nkrumah Road la Kianglikana na la Kikatoliki yako barabara moja, ingia ibada ya asubuhi sana, kaa viti vya nyuma karibu na feni. Usipige chochote. Uone kama wimbo bado wakushika wakati si wewe unaubeba, alafu uniandikie umeskia nini.